Tupeane uzoefu: umewahi kuingia duka la keki za Kifaransa? Ulitoka na nini?

Mtu wa Mtumba
Mbukwenyi wakuu.

Ofisini kwetu hapa Dodoma wiki hii limeingia boksi kutoka Paris. Dada mmoja alikuwa huko kwenye mafunzo, akarudi na makaroni. Nazungumzia zile za Kifaransa za rangi rangi, vibiskuti viwili vimebanana na krimu katikati, siyo zile za kuchemsha ukaweka nyama ya kusaga. Mtu mmoja akatafuta bei mtandaoni, na kazi ikaishia hapo. Nusu ya ofisi inasema huu ni wizi wa mchana kweupe. Nusu nyingine inasema mtu ambaye hajawahi kuoka hana haki ya kuzungumzia bei. Mimi nilipewa ya pistachio, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuomba ya pili.

Sasa waliowahi kuingia kwenye maduka hayo wenyewe, iwe Paris, Dubai, Nairobi au hapo Masaki tu, karibuni mtiririke. Uliingiaje, ulichagua nini, ulilipa kiasi gani, na ungerudi? Picha si lazima. Na hatuhitaji kuona paspoti ya mtu.

Behewa la Tatu
Nimeshakaa siti ya mbele. Wa Paris waanze.

Safari za Kikazi
Wa Paris nipo.

Kabla ya keki, tuanze na salamu, maana hapo ndipo Wabongo wengi wanapoonekana wakorofi bila kukusudia. Ukisukuma mlango unasema "Bonjour" kwanza, unamwangalia mhudumu, anakuitikia, ndipo unaonesha unachotaka. Mbele yangu alikuwepo mtalii mmoja, alifika kaunta akanyoosha kidole na kutaja idadi. Binti wa kaunta akamjibu "Bonjour, monsieur" na akatulia tuli, mikono nyuma. Yule bwana akarudia idadi. Binti akarudia salamu. Ilibidi mtu wa nyuma amnong'oneze. Ni kama kumpita bibi wa Kigogo barazani bila kumwambia mbukwa halafu umuulize njia ya Bihawana.

Duka nililoingia ni Ladurée ya Rue Royale. Lilianza mwaka 1862 kama duka la mikate, na hao ndio wanaosifika kwa makaroni ya sasa. Zamani makaroni ilikuwa kibiskuti kimoja kikavu tu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mtu wa ukoo huohuo, Pierre Desfontaines, anatajwa kuwa ndiye aliyekuja na wazo la kubandika mbili kwa krimu. Hayo wanayasimulia wenyewe, na wanayasimulia kwa mbwembwe.

Humo ndani hugusi kitu. Kabati la vioo refu, makaroni zimepangwa kwa safu za rangi, wewe unaonesha, mhudumu anaokota kwa glavu na kulaza kwenye boksi taratibu utadhani anashika mayai ya kware. Moja ilikuwa kama euro mbili na nusu, kwa pesa yetu ni elfu saba na kitu. Na kama unataka kukaa mezani na chai, kuna bei nyingine ya juu zaidi. Nilichukua za kuondoka nazo, nikaenda kuzila kwenye benchi la bustani.

Utamu wake? Juu ni laini ka' kioo, ukiuma kunapasuka kaganda kembamba sana, halafu ndani meno yanazama kwenye kitu chenye unyevu kinachovutika kidogo. Ile ya karameli ya siagi na chumvi ningeila hata leo. Ya waridi, samahani wapenzi wa waridi, niliona kama nimelamba sabuni ya wageni.

Kashata Mbili
Elfu saba! Kitu cha meno mawili! Wakuu, kwa hela hiyo pale Majengo nakula wali maharage, nashushia na chai, nakunja kashata kwenye gazeti za kwenda nazo nyumbani, na chenji inabaki. Halafu mtu anasema "kuna kaganda kembamba". Hata andazi la jana lina kaganda.

Mama Keki wa Kizota
Kashata Mbili, kaa chini mwanangu nikueleze, mimi ndiyo kazi yangu hii. Naoka keki za harusi na kipaimara, na makaroni nimezihangaikia hadi zikanikubali.

Humo hamna unga wa ngano hata kijiko. Ni unga wa lozi, sukari ya unga, ute wa mayai na sukari ya kawaida, basi. Lozi peke yake ukiuliza bei dukani utarudisha mkono mfukoni. Halafu hupimi kwa kikombe wala kwa jicho, ni mizani, gramu kwa gramu, hata ute wa yai unapimwa. Unachekecha unga na sukari, chenga zote zinabaki juu ya chekecho. Unapiga ute mpaka ukigeuza bakuli haumwagiki. Kisha unachanganya kwa mwiko wa mpira, na hapa ndipo wengi hulia. Ukichanganya kidogo, zinatoka na vichuguu juu. Ukizidisha, zinatambaa kwenye trei na kuwa chapati. Unatakiwa uishie pale rojo linapoteremka kwenye mwiko kama utepe bila kukatika.

Unaminya viduara kwenye karatasi ya kuokea, unaigonga trei mezani viputo vipasuke, halafu unaziacha. Ndiyo, unaziacha tu mezani zikauke juu mpaka ukigusa kwa kidole hazinati. Ngozi hiyo ikishajifunga, ndani ya oveni mvuke hauna pa kutokea isipokuwa chini, ndiyo maana zinainuka na kutoa ule upindo wenye vitundu chini ya kila kibiskuti. Ukiona haina upindo huo, hiyo haikufaulu, hata kama ni tamu. Moto ni mdogo, nyuzi 150 hivi, kama robo saa, na usifungue fungue mlango.

Sasa hapa watu wa Dodoma nisikilizeni. Rafiki yangu anaoka Dar, anasumbuka na unyevu wa bahari, zinagoma kukauka, anafunga madirisha na kuwasha kiyoyozi. Mimi hapa Kizota kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, upepo wetu mkavu huu unaopasua midomo unazikausha ndani ya muda mfupi, sihitaji kitu. Ni kipindi cha mvua tu, Desemba mpaka kama Aprili, ndipo nangoja mpaka nachoka. Kwa hiyo hali ya hewa mnayoilalamikia kila siku, kwa makaroni ni neema.

Ukitaka kujua wizi uko wapi, uko kwenye umeme. Ukikatika trei ikiwa ndani, zote ni za watoto.

Kashata Mbili
Mama shikamoo. Nimeelewa kuhusu kazi. Bei bado sijaielewa.

Mama Keki wa Kizota
Marahaba. Utaielewa ukinunua lozi.

Mgogo wa Lyon
Nilisoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), sasa niko huku Ufaransa mwaka wa pili. Niongeze kitu kwa upande wa wenyeji, maana ukisikia habari za makaroni unaweza kudhani Wafaransa wanazila kila asubuhi. Hapana. Asubuhi ni mkate, yaani baguette, na siku za mapumziko kruasani. Watu wanapanga foleni nje ya duka la mkate kama sisi tunavyopanga kwa muuza chapati. Ule ufundi wa baguette uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Tena kuna sheria ya mwaka 1998: ukiandika "boulangerie", yaani duka la mkate, mlangoni, mkate lazima uukande na kuuoka hapohapo. Ukileta mkate wa kugandishwa wa kiwandani ukaupasha tu, huruhusiwi kutumia jina hilo. Kwa mgeni ni msaada mkubwa, soma kibao kabla ya kuingia.

Keki zina siku yake, Jumapili. Ukialikwa chakula cha mchana kwa wakwe au kwa mzee wa kazini, huendi mikono mitupu. Unapitia kwa muoka keki, unachagua ekleri mbili tatu, yaani vikeki virefu vyenye krimu ndani, na vitati, vikeki bapa vya matunda, wanakufungia boksi kwa utepe na kitanzi cha kubebea. Mitaani saa sita mchana unaona wababa na boksi hizo wanatembea kwa tahadhari. Makaroni ni zawadi ya namna hiyo pia. Ndiyo maana hesabu ya Kashata Mbili haifanyi kazi, anapima zawadi kwa kipimo cha shibe.

Hapa Lyon fahari yao ni tati ya rangi ya waridi, imejaa lozi zilizofunikwa sukari nyekundu. Tamu kupita kiasi, chukua kipande kidogo. Watu wa mji wa Nancy wana makaroni yao ya zamani, kavu, hayana krimu katikati, wanasema yalianzishwa na masista waliobaki bila makazi nyumba za watawa zilipofungwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kwa ulimi wangu hayo ndiyo matamu kuliko ya rangi. Na ukitaka majina makubwa ya leo, Pierre Hermé. Yake inayoitwa Ispahan ni ya waridi, lichi na rasiberi. Safari za Kikazi ukiijaribu utaisamehe waridi. Kuna hata siku ya makaroni, tarehe 20 Machi, yeye ndiye aliyeianzisha, na maduka yanayoshiriki yanagawa moja moja bure.

Behewa la Tatu
Bure? Tarehe 20 Machi nauli ya ndege shilingi ngapi?

Ummu Salma
Asalaam aleykum. Mimi naenda Dubai na mume wangu mwakani inshallah, ila swali langu ni la huko Ulaya pia: hizi keki kwa Mwislamu zikoje? Naogopa kununua kisha nikakuta nimelishwa nisichojua.

Mgogo wa Lyon
Waaleykum salaam dada. Kibiskuti chenyewe cha makaroni ni lozi, sukari, ute wa yai na rangi. Kwenye rangi nyekundu uliza, nyingine hutengenezwa kwa wadudu. Shida kubwa huwa kwenye vya katikati na kwenye keki zenye krimu ya kusimama, hapo huwa kuna jelatini, na huku mara nyingi ni ya nguruwe. Pombe nayo inapenya. Ile keki yao iitwayo baba imeloweshwa ramu kabisa, na kuna krimu zinazotiwa likya ya machungwa bila kuandikwa kwenye kibao. Neno la kuuliza ni "alcool", la pili "gélatine". Hawakasiriki, wanaenda kumuuliza muokaji jikoni. Ukikosa uhakika chukua kruasani ya siagi. Na yeyote mwenye mzio wa njugu na lozi asiingie kabisa kwenye makaroni, hata ile ya chokoleti ni lozi tupu.

Binti wa Ipagala
Mimi sijafika mbali, nilinunua Dar, duka moja maeneo ya Oysterbay, jina sitaji. Nilichojifunza ni cha usafirishaji, maana nilitaka mama yangu aonje.

Nilichukua boksi nikapanda nalo treni ya SGR asubuhi kurudi Dodoma. Ile ya haraka safari yake haimalizi hata masaa manne, na ndani kuna ubaridi, ndiyo ilikuwa salama yangu. Kwa basi nisingethubutu. Nilipakata mapajani njia nzima. Pugu, Morogoro, Kilosa, watu wanalala mimi nimeshika boksi. Mzee wa pembeni akauliza, "Binti, hicho ni kifaranga?"

Mhudumu alinipa elimu nzuri: ukifika weka kwenye friji boksi likiwa limefungwa. Siku ya kula litoe, liache mezani bado limefungwa kama nusu saa ndipo ufungue, la sivyo umande unatua kwenye vibiskuti na vinalainika ovyo. Tena akasema hazitakiwi kuliwa siku ileile ya kuokwa, zikilala friji usiku mmoja ndiyo krimu inaingia kwenye kibiskuti na utamu unakaa. Baada ya siku nne tano zinaanza kuchoka.

Mama alikula moja, akafumba macho, akasema ni nzuri. Kisha akauliza chai ya kweli iko wapi. Zilizobaki zililiwa na wajukuu kabla sijarudi kutoka sokoni.

Mtu wa Mtumba
Kifaranga! Hahaha. Mada imenoga. Mama Keki, swali langu ni hili: lozi ni bei, lakini sisi tuna karanga. Kongwa Waingereza walikuja na matrekta kuanzia 1947 wakitaka kulima karanga za kukamua mafuta ya kula kwao Uingereza, mpaka 1951 wakafunga virago, ardhi na mvua vimewashinda. Wakulima wetu na majembe wanavuna mpaka leo. Hatuwezi kuweka karanga badala ya lozi?

Mama Keki wa Kizota
Inawezekana, nimeshafanya. Karanga zina ujanja wake. Kaanga kidogo sana, menya ganda lote, ziache zipoe kabisa. Unaposaga, saga pamoja na ile sukari ya unga, kwa kushtua shtua mashine, usiiache inguruma, maana karanga zinatoa mafuta haraka, ukizubaa umepata siagi ya karanga. Chekecha mara mbili. Rangi haitakuwa ile ya kung'aa, itabaki ya udongo udongo, mimi naipenda hivyo. Wafaransa wataniambia siyo yenyewe, sawa.

Katikati naweka jamu ya zabibu zetu. Zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ukinunua msimu umekolea unapata kwa bei ya kueleweka. Chemsha na sukari kidogo na ndimu, chuja mbegu, punguza mpaka ibaki nzito ya kushika kijiko. Uchachu wake unakata ule utamu wote wa sukari, ndiyo kitu ambacho makaroni nyingi za madukani zinakosa.

Ummu Salma
Mama, na viini vya mayai unapeleka wapi? Maana ni ute tu unaotumika.

Mama Keki wa Kizota
Kastadi, mwanangu. Au keki ya viini. Wiki ya oda kubwa jirani zangu wote wanakula kastadi mpaka wanafunga milango wakiniona.

Kashata Mbili
Mama naomba kuuliza kwa heshima. Hizo za karanga na zabibu, moja unauzaje?

Mama Keki wa Kizota
Aliyesema andazi la jana lina kaganda ni nani vile?

Kashata Mbili
Mama, yale yalikuwa ya mwanzo wa uzi.

Mama Keki wa Kizota
Elfu moja na mia tano. Oda kuanzia dazeni, na mwezi huu umeme ukitulia.

Kashata Mbili
Weka dazeni. Mtu wa Mtumba analipa, yeye ndiye aliyeanzisha mada.