Naomba ushauri: muswada na mizabibu vinanidai siku zilezile

Kalamu na Jembe (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, naomba mnisome kwa subira, maana jambo hili nimelibeba muda mrefu na sasa limenizidi nguvu. Mimi ni mwandishi wa riwaya, na kwa miaka tisa nimekuwa nikitunza shamba la mizabibu 1,200 ambalo lina cheti cha kilimo hai. Watu wakisikia hivyo hudhani kwamba asubuhi naandika kivulini na jioni napita kati ya mistari nikionja zabibu. Ukweli ni kwamba msimu uliopita nilipoteza karibu theluthi ya mavuno kwa ajili ya sura tatu za mwisho za riwaya.

Ilikuwa hivi. Machipukizi yalikuwa yamezidi urefu wa kiganja, wingu limetanda, nami nikijua fika kwamba inanipasa kupiga mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa kabla ya mvua, ili kuzuia ugonjwa. Mhariri wangu, kwa upande wake, alikuwa akiudai muswada ifikapo Ijumaa. Nikajiambia kwamba siku mbili si kitu. Mvua ikanyesha usiku kucha. Siku kumi baadaye nikaona juu ya jani moja doa la manjano lenye kung'aa, kama tone la mafuta lililodondokea karatasi, na nilipoligeuza jani lile nikakuta chini yake utando mweupe mithili ya pamba. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa mizabibu. Sikuhitaji kutazama jani la pili. Muswada, kwa taarifa yenu, ulifika Ijumaa kama ulivyotakiwa, na ukakaa wiki saba bila kufunguliwa.

Sasa msimu mwingine umeanza na kitabu kingine kinadaiwa. Nimefikiria kurudia dawa za viwandani zinazopenya ndani ya mmea, kwa sababu zingenisamehe kuchelewa siku mbili tatu. Nimefikiria pia kulikodisha shamba, au kuiweka kalamu chini kwa miaka kadhaa. Kupogoa peke yake, kwa dakika tatu kila mche, hunichukua saa 60, na katika siku hizo vidole hukakamaa hata kalamu huidondosha. Lakini linalonisumbua zaidi ni aibu. Nina safu ya makala kuhusu maisha ya shambani ambayo wasomaji wanaipenda, na siku ile ya wingu, kabla sijaurudia muswada, nilikuwa nimeandika aya nzuri sana kuhusu subira ya mkulima. Niliiandika ndani ya nyumba. Naomba ushauri wenu.

Mpogoaji

Pole sana, ndugu. Naomba niseme bila kuzunguka: kosa si kuwa na kazi mbili, kosa ni kuzichukulia zote mbili kana kwamba zinaahirishika. Shaba haiponyi. Ni ngao inayokaa juu ya jani na kuzuia kimelea cha ugonjwa kuingia, na kikishapenya ndani hakuna shaba itakayokifikia. Zaidi ya hayo, mvua kubwa huiosha, na kila jani linalokunjuka baada ya wewe kupiga linakuwa halina kinga yoyote. Wakulima wengi hutumia kanuni ya kumi tatu: joto lisilopungua nyuzi 10, machipukizi yenye sentimita 10, na mvua ya milimita 10 ndani ya siku moja. Hayo matatu yakikutana, hatari ya maambukizi ya kwanza ni kubwa, uwe umemaliza sura au hujamaliza.

Wala usidhani utafidia kuchelewa kwa kupiga shaba nyingi baadaye. Shaba haiozi, hujilimbikiza udongoni na kuwadhuru minyoo, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika muda wa miaka 7. Kuhusu dawa za kupenya, fahamu kwamba ukizitumia mara moja tu unaanza upya: huko Ulaya na Marekani pia, mizabibu hupitia kipindi cha mpito cha miaka 3 kabla mavuno yake hayajauzwa kwa jina la kilimo hai. Utakuwa umeuza miaka mitatu kwa siku mbili.

Jambo moja ambalo hujalitaja: vichala vya msimu ujao huanza kuumbwa ndani ya macho ya mzabibu, yaani vile vifundo vinavyochipua, wakati wa maua ya msimu huu. Kwa hiyo mmea uliopoteza majani mwaka jana huenda bado unakudai. Pogoa kwa huruma, usiuachie macho mengi.

Msomaji Mkimya

Kuhusu kukodisha nina neno moja tu. Nililikodisha shamba langu kwa miaka miwili ili niandike tasnifu. Mpangaji alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila magugu yalipomshinda alipiga dawa ya kuua magugu chini ya mistari bila kuniambia, na mimi nikaja kulijua hilo kwa mkaguzi. Cheti kilikwenda. Ukikodisha, andika katika mkataba kila kitu kinachoruhusiwa kuingia shambani, hata sabuni ya kuoshea bomba la kupulizia.

Bibi wa Mistari

Mwanangu, mizabibu 1,200 kwa mtu mmoja ambaye pia anaandika ni mingi, na hakuna ratiba itakayoifanya iwe michache. Nakuuliza swali ambalo pengine jibu lake unalijua: ugonjwa ulianzia wapi? Kama ulianzia bondeni, ambako umande huchelewa kukauka na upepo haupiti, basi sehemu hiyo ndiyo inayokula muda wako. Ing'oe. Ukitaka, panda pale aina zenye ukinzani kama Regent au Solaris, ambazo hazikingi kila kitu lakini hupunguza sana idadi ya mizunguko ya kupiga dawa. Utasubiri takribani miaka mitatu kabla ya kupata mavuno ya maana, na katika miaka hiyo utakuwa na kazi ndogo kule bondeni.

Kwa sehemu itakayobaki, ondoa majani yanayozunguka vichala upande unaopata jua la asubuhi ili hewa ipite. Ni kazi ya mikono ambayo haihitaji akili nyingi, na mimi mwenyewe mawazo yangu mazuri huyapata hapo.

Mhariri Mstaafu

Nilikuwa miongoni mwa watu wanaodai Ijumaa, kwa hiyo nisikilize kama anayeungama. Tarehe ya muswada ni ya kupatana. Mara nyingi huwekwa kwa kubahatisha, kisha watu wote huiheshimu kana kwamba imeteremshwa. Mwandikie mchapishaji wako leo, mwambie kwamba kuanzia machipukizi hadi mavuno hupokei tarehe ya mwisho yoyote, na kwamba utakabidhi kazi katika miezi ambayo mizabibu imelala. Atanung'unika, kisha atakubali, kwa kuwa kitabu kilichoahidiwa kwa tarehe ya kweli ni nadra kuliko unavyodhani. Montesquieu, yule mwanafalsafa wa Kifaransa, alikuwa mkulima wa mizabibu karibu na Bordeaux, aliuza mvinyo wake hadi Uingereza, na hakuna anayemkumbuka kwa kuchelewesha muswada.

Kuhusu aibu yako, sikubaliani nawe kwamba wewe ni mnafiki, ila nakubali kwamba aya ile ilikuwa ya uongo. Iandike sasa ile ya kweli. Hapohapo Bordeaux, katika miaka ya 1880, mtaalamu wa mimea Millardet alipita kando ya mizabibu ambayo wenyewe walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa pembeni mwa barabara ili wapita njia wasiibe zabibu, akaona kwamba ni mistari hiyo tu iliyobaki na majani. Dawa unayoipiga ilianzia hapo, kwa mtu aliyetembea akatazama. Wasomaji wako wangependa zaidi doa lako la mafuta kuliko subira ya mkulima.

Mpogoaji

Naunga mkono kuhusu bonde. Naongeza kwamba salfa ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa mizabibu, isipigwe kwenye jua kali, kwani ikizidi nyuzi 30 hivi huunguza majani, na iachwe mapema kabla ya mavuno, la sivyo mvinyo utanuka mayai viza wakati wa kuchachuka. Mtu mwenye muswada kichwani ndiye husahau hayo. Bandika karatasi juu ya meza ya kuandikia.

Kalamu na Jembe (mwanzisha uzi)

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee Bibi, ambaye ameotea kabisa: ulianzia bondeni, katika mistari sita iliyo karibu na mfereji, na ni mistari hiyohiyo iliyonishughulisha mwaka juzi na mwaka uliotangulia. Baada ya mavuno nitaing'oa. Ni mizabibu 280, na nimejishangaa kwamba nilipoandika idadi hiyo nilipumua. Dawa za kupenya nimeziweka kando, na kukodisha pia, baada ya kusoma yaliyompata Msomaji Mkimya.

Barua kwa mchapishaji nimeituma asubuhi hii. Bado hajajibu. Makala niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya wiki hii nimeifuta, na nyingine inaanza na jani lililogeuzwa, ingawa kwa sasa ina sentensi nne tu na itabaki hivyo hadi keshokutwa. Machipukizi yamefikia upana wa vidole vinne, mvua imetabiriwa kesho usiku, na mrututu nimekwisha kuuloweka katika ndoo ya plastiki. Nitasoma majibu mengine nikitoka shambani.