Fuko uchi wanakula nini kiangazi?

Mizizi_Kavu: Wakuu, nahesabu vifusi vya fuko uchi (wale wanyama wadogo wasio na manyoya wanaoishi chini ya ardhi) kaskazini mwa Kenya. Aprili vilitapakaa kila mahali. Julai hii sioni hata kimoja kipya. Wamehama, au wamekufa? Na kama wapo, wanakula nini ardhi ikiwa ngumu kama tofali?

Fukua: Wapo. Fuko uchi huchimba kwa meno, na kwenye udongo mkavu nguvu wanayotumia huzidi chakula wanachopata. Kwa hiyo msako mkubwa hufanyika baada ya mvua, udongo ungali laini. Wanatoboa njia kwa kubahatisha hadi wagonge kiazi. Ndiyo faida ya kuishi 70 au 80 pamoja: mmoja wa gramu 30 na ushei akibahatisha peke yake atakufa njaa njiani. Anayekipata hurudi kiotani na kipande mdomoni huku akilia, na wenzake hufuata harufu ya njia aliyopita.

Bwana Kiazi: Kiangazi wanategemea viazi walivyokwisha vipata, hasa vya mmea wa porini uitwao Pyrenacantha, ambavyo huweza kufika kilo 50. Utamu uko hapa: wanatoboa ganda, wanakomba nyama ya ndani, ganda wanaliacha, kisha wanaliziba tundu kwa udongo. Kiazi hupona na kuendelea kukua, kwa hiyo kimoja hulisha kundi miezi mingi. Vidogo huliwa vyote. Maji hupata humo humo, hawanywi kabisa. Nyuzinyuzi humeng'enywa na bakteria wa utumbo, na kinyesi huliwa tena ili kisipotee kitu.

Fukua: Kuhusu hesabu: kifusi kinakuonyesha udongo uliotolewa, si idadi ya wanyama. Nenda alfajiri siku chache baada ya mvua. Kifusi hai kina tundu wazi katikati kama volkeno, na udongo unarushwa nje kwa miguu ya nyuma. Simama mbali, maana wakisikia mtetemo wa hatua wanaacha. Tundu likishazibwa, umechelewa.

Mizizi_Kavu: Mvua za Oktoba zikikosekana je?

Bwana Kiazi: Watabaki kwenye viazi hivyo hivyo. Mwili wao hutumia nguvu kidogo sana, kwa hiyo wanastahimili. Ila usifukue kiazi kukagua alama za meno: ganda likipasuka kikaoza, umewaharibia ghala.