Tupeane uzoefu: nani alikushika mkono baada ya kipaimara?

Mwanakwaya wa Pasua

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wenzetu Wakatoliki. Niko Moshi, ni mlezi wa mabinti usharikani kwetu, na kuna jambo linaniumiza moyo.

Wakati wa mafundisho ya kipaimara binti anaangaliwa vizuri. Anakariri Amri Kumi na Imani, na asipofika mwalimu anauliza. Siku yenyewe ikifika ni gauni jeupe, ndugu wanashuka kutoka mgombani, picha na pilau. Baada ya hapo hakuna anayemuuliza yuko wapi. Na ndiyo miaka anayokuwa sekondari, anapanga chumba karibu na shule, na kijana wa boda anajitolea kumpeleka bure kila asubuhi, jioni anamnunulia chipsi mayai.

Semina ya mabinti ya siku moja naipenda, nimeandaa kadhaa. Lakini sijaona binti aliyeokolewa na semina peke yake. Waliosimama wote ninaowajua walikuwa na mama au dada mmoja aliyewafuatilia mpaka chumbani wanakolala. Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Usiandike "aliniombea" ukaishia hapo. Tuambie alifanya nini.

Binti Rombo

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nilitoka Rombo kuja kusoma Moshi mjini, nikapanga Majengo na wenzangu wawili. Msimamizi wangu wa kipaimara alibaki kijijini. Aliyenishika ni mama mmoja wa jumuiya ndogondogo. Aliona kuna siku sifiki kusali, na zinajirudia kila mwezi. Hakuniuliza mbele za watu. Aliniita jikoni nimsaidie kuchambua maharage, akaniuliza taratibu kama nina pedi. Sikuwa nazo. Akatafuta kitambaa, akatufundisha chumba kizima kushona za kufua.

Siku nyingine akaniuliza, "Mwanangu, kodi yenu analipa nani?" Nikanyamaza. Alikuwepo mbaba mmoja, ana familia yake, ndiye aliyetoa ya miezi sita maana mwenye nyumba hakutaka pungufu. Mama hakunifokea wala kunisomea mistari. Alivaa kitenge chake, tukaenda wote kwa mwenye nyumba, akaongea naye kikubwa mpaka akakubali tuwe tunalipa mwezi kwa mwezi. Kisha akanitafutia kazi ya Jumamosi kwenye meza ya ndugu yake sokoni Mbuyuni. Yule mbaba nilimwambia asije tena, na nilikuwa na pa kusimamia.

Mwanakwaya wa Pasua

Hili swali la kodi walezi wengi tunaliogopa. Tunauliza habari za usafi wa moyo, halafu hatutaki kujua binti amekula nini jana.

Cherehani Ngarenaro

Arusha hapa. Mlezi wangu ana fremu ya ushonaji, na kila Alhamisi akifunga kazi tunabaki mabinti tunasoma Neno katikati ya vitambaa. Tulisoma kitabu cha Ruthu, sura zote nne. Nilizoea kusikia habari za Boazi, maana kila mahubiri ya mabinti yanaishia kwa Boazi na ndoa. Yeye akatuambia tumtazame Naomi. Amefiwa na mume, amefiwa na wana wawili, anarudi Bethlehemu mikono mitupu akilalamika kwamba Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Na mwanamke wa hali hiyo ndiye Ruthu alimwambia, watu wako watakuwa watu wangu.

Kisha akatusimulia ndoa yake ilivyovunjika. Hakujipamba. Mimi nilikuwa nadhani mlezi lazima awe mama mchungaji au mtu ambaye nyumba yake imetulia. Nilimwamini zaidi tangu siku ile. Cherehani nimejifunzia kwake, sasa napokea sare za kwaya kwa jina langu.

Jina nimeficha

Naandika kwa uzito. Nilimweleza mlezi wangu kuhusu mimba iliyoharibika. Muda si mrefu ikasemwa kwenye maombi ya kikundi. Jina halikutajwa, lakini ilitajwa kwaya, ikatajwa sauti ninayoimba, ikatajwa na mtaa. Watu waligeuka kunitazama huku wamefumba macho nusu. Nimehamia kanisa lingine, nafika ibada ikianza na kuondoka ikiisha. Dada mlezi yeyote akitaka kunijua jina, moyo unanidunda. Kama mnaanzisha vikundi, anzeni na hili.

Mwanakwaya wa Pasua

Pole sana mpendwa. Ulitendewa vibaya, na kuliita ombi la maombi hakupunguzi ubaya wake. Kwetu siri ya binti haitoki bila ruhusa yake, hata kwa mchungaji, hata kwa mama yake mzazi kama ni jambo la moyo tu.

Lakini kama ni mtoto anayebakwa au kupigwa, hiyo si siri ya kutunza. Hatuimalizi kwenye baraza la wazee. Tunakwenda naye Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au tunapiga 116, ambayo ni bure. Hata mtuhumiwa akiwa mzee wa kanisa. Nasisitiza hapo.

Baba wa mabinti, Usa River

Mama mlezi, shikamoo. Binti yangu alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Nyumbani tulikuwa hatusemezani. Dada mmoja wa kikundi chao cha vijana akaja, akanieleza kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanaojifungua warudi shule. Mtoto alipotimiza miezi kadhaa tukaenda naye kwa mkuu wa shule. Kabla ya hapo dada huyo alikuwa anakuja kila Jumamosi na daftari za wenzake, anakaa sebuleni na binti yangu wananakili, mtoto kalala pembeni. Amemaliza kidato cha nne. Huyo dada ni mwanafunzi tu wa chuo, hana cheo chochote kanisani.

Dada wa Njiro

Natamani kuanza lakini nimeajiriwa, narudi nyumbani usiku. Nianzeje?

Mwanakwaya wa Pasua

Baba, marahaba. Mbarikiwe sana nyumba nzima.

Dada wa Njiro, anza na mabinti wawili ambao mama zao unawafahamu, na uwaambie mama hao unachofanya. Kutaneni mchana, mahali panapoonekana. Kama nafasi yako ni Jumapili baada ya ibada, basi iwe hiyo hiyo, lakini usikose. Binti akikuta mlango umefungwa mara mbili harudi tena. Chai na maandazi yanatosha, na mwache yeye aongee kuliko wewe.

Halafu, nani yuko Arusha upande wa Sakina? Kuna binti wetu anahamia huko mwezi ujao kuanza chuo, hana ndugu, na natafuta mama wa kumpokea. Dhehebu lolote. Nitumieni ujumbe.