Kingamwili za kaka ni nyingi, zangu chache: nani ana kinga?

Habari zenu wadau. Naomba ushauri, hasa kwa wenye ujuzi wa maabara.

Mwaka 2021, wimbi la Delta lilipopamba moto, mimi na kaka yangu tuliugua korona wiki ileile hapa Umoja. Mimi niligundua siku maharagwe yalipoungua jikoni, moshi umefika hadi kwa jirani, nami sisikii harufu yoyote. Basi, yangu yaliishia hapo. Kaka alilazwa siku kumi na moja, akipumua kwa oksijeni.

Miezi miwili baadaye, kabla hatujachanjwa, tulipimwa kingamwili mjini, yaani zile protini za damu zinazopambana na virusi. Zake zilikuwa nyingi mno, zangu zilivuka mstari kidogo tu. Tangu hapo ananiringia kwamba mwili wake ndio uliopigana kiume. Mimi nilichanjwa, yeye alikataa katakata.

Nilivyosoma, waliozidiwa ndio mara nyingi huwa na kingamwili nyingi, kwa kuwa virusi vilizagaa zaidi mwilini na kuchochea kinga kwa muda mrefu. Yaani ule wingi ni kama kovu, si medali! Tena hupungua miezi ikipita, ingawa seli za kumbukumbu, zile za kinga zinazomkumbuka adui, hubaki.

Sasa nimweleze vipi mtu mbishi anayetembea na karatasi ya majibu kwenye pochi hadi leo? Ana kisukari, ndiyo maana silali. Na mimi, nipime tena au nitakuwa natupa hela? Mama yeye anasema ninywe supu ya mifupa tu.