Ushauri: Sakafu mpya na nundu ya giaboksi kwenye Ford Model A ya 1931

Bati_Geji18
Wakuu salaam. Gari ni Ford Model A coupe ya 1931, iko Ohio, inageuzwa kuwa hotirodi (gari la zamani linalotiwa injini yenye nguvu). Injini ni Chevrolet 350, giaboksi otomatiki TH350, nyuma difu ya Ford ya inchi 9 yenye koili springi na mikono minne. Bodi imeshushwa inchi 4 ikaimeza chesisi, kwa hiyo zile mbao za sakafu za kiwandani hazina pa kukaa tena. Nataka sakafu ya bati tupu kuanzia ukuta wa injini hadi nyuma ya kiti, na nundu katikati ya kufunika giaboksi na propela (shafti ya kupeleka nguvu kwenye difu).

Naombeni mwongozo: bati geji (unene) ngapi? Nundu niichomelee moja kwa moja au iwe ya kufungua? Na juu ya propela niache nafasi kiasi gani? Nimepanga kuanza kukata wikendi hii.

MzeePropela
Mkuu, mkasi weka chini kwanza. Injini imeshafungwa kwenye maunti zake za mwisho? Gari limesimama kwenye kimo chake cha barabarani, na matairi yatakayotumika? Kama bado, nundu yako itakuwa ya kubahatisha.

Anza na pembe. Mkia wa giaboksi uiname digrii 3, pinioni (gia ndogo ya difu inayopokea propela) itazame juu digrii 3 hizo hizo, tofauti isizidi digrii 1. Sasa propela. Weka gari kwenye stendi, toa springi, halafu pandisha difu kwa jeki mpaka iguse raba ya kuzuia. Hapo ndipo unapima, si pale ambapo gari limetulia.

Mfano: propela ya mm 1000, difu inapanda mm 75. Krosi (kiungo kinachopinda) ya nyuma inapanda zote 75, katikati ya shafti ni kama 38, na krosi ya mbele haipandi kabisa. Ongeza mm 25 za usalama. Maana yake chini ya nundu pawe mm 63 juu ya mgongo wa shafti pale katikati, na mm 100 kule nyuma. Wengi wanaishusha nundu kuelekea nyuma kwa sababu inapendeza macho, halafu kwenye tuta la kwanza wanasikia propela inasaga bati. Bahati yako pinioni ya difu hiyo imekaa chini, kwa hiyo kiti hakitaumia sana.

Fundi_Kadibodi
Kwenye swali la pili sina mjadala: ifunguke. TH350 haishuki wima. Lazima irudi nyuma kwanza iache zile pini mbili za injini, pamoja na toki konveta yake (sahani ya oili inayoiunganisha na injini), ndipo ishuke. Ukiibana na nundu ya kuchomelea pamoja na mhimili wa chesisi, siku ya kuitoa utang'oa injini nzima.

Gawa nundu vipande viwili. Cha mbele kifunike giaboksi, kifungwe kwa boliti za M6 kwenye nati za kuriveti, nafasi mm 120 kati ya moja na nyingine, na sponji nyembamba chini ya ukingo. Cha nyuma, cha propela, kichomelee. Hicho ndicho kinaipa sakafu uti wa mgongo.

Usisahau vitu vinavyochomoza ubavuni. Upande wa kulia kuna bomba la dipstiki, mabomba ya kupozea oili na modulata ya vakyumu (kidude kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kurekebisha ubadilishaji gia) kule nyuma. Kushoto kwenye mkia kuna waya wa spidomita. Acha mm 25 kuzunguka kesi yote, na mm 50 popote eksozi inapopita. Halafu vaa kiatu chako cha kuendeshea, weka mguu kwenye pedali ya mafuta, uone nundu inakugusa wapi. Kwenye Model A nafasi ya miguu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

MzeePropela
Hapo kwenye kufungua naunga mkono. Silinda ya breki kama iko chini ya sakafu nayo iwekee kifuniko chake, mm 150 kwa 200 inatosha kumimina mafuta.

Kichomeleo
Geji: sakafu 18, yaani mm 1.2. Kuna watakaokwambia 16. Kwa eneo la mita za mraba 2.5, geji 18 ni kama kilo 24 na geji 16 ni kama kilo 29. Kilo si tatizo. Tatizo ni kuikunja 16 kwa vifaa vya nyumbani. Bati la 18 lililopigwa mbavu (mifereji ya kulikaza) halitetemi, ila la 16 lililo tambarare bado litalia kama debe.

Mbavu piga kabla ya kukata saizi ya mwisho. Kila ubavu unavuta bati ndani, kwa hiyo acha mm 25 za ziada kila upande. Kwenye mashine ya roli shuka taratibu, mizunguko mitatu au minne, usilazimishe kina chote mara moja. Na mbavu ziishie mm 30 kabla ya ukingo, la sivyo ukingo hautalala kwenye fremu.

Nundu ya propela ni rahisi. Nusu duara yenye nusu kipenyo cha mm 130 inakula mm 408 za bati, ongeza kuta za 60 na kingo za 25 kila upande, jumla mm 578. Ikunje juu ya bomba jembamba kuliko duara unalotaka, maana bati hurudi. Ya giaboksi ni koni, na hapo ndipo watu huharibu bati. Usiikunje kwa mistari sambamba. Chora mistari inayokaribiana kuelekea mwisho mwembamba, kama mbavu za mwavuli uliokunjwa, kisha kunja kidogo kidogo juu ya kila mstari.

Kabla hujakata chochote, funga bodi kwa skweapaipu ya inchi 1: mlango kwa mlango, na mshazari toka bawaba hadi nguzo ya nyuma. Pima mishazari yote miwili, andika kwa chokaa kwenye bomba lenyewe. Kuchomelea: waya wa mm 0.6, nukta moja kila mm 40, ruka upande wa pili, rudi pale bati linaposhikika kwa mkono. Ukiburuta mstari mrefu, sakafu itavimba katikati na hutairudisha. Bati liwe jeusi, si la zinki, moshi wake ni sumu.

Bati_Geji18
Asanteni wakuu. Springi natoa leo. Swali dogo: kiti na mikanda nifunge kwenye bati hilo hilo la geji 18?

Kichomeleo
Hapana. Bati peke yake litachanika. Kiti kiwe na mhimili wa skweapaipu chini unaofika kwenye chesisi. Mikanda, boliti ya inchi 7/16 na sahani ya mm 3, ukubwa mm 50 kwa 75, kona zimeviringwa, ichomelewe kwenye huo mhimili. Weka sahani hizo kabla ya silanti na rangi, maana moto wa kuchomelea utaviunguza.