Watu wa Tanga, wazee wetu walijengaje? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Ngamiani: Jana nimepita barabara ya 12 nikakuta wanabomoa nyumba ya jirani yetu wa zamani, dalali kasimama na makaratasi, nikamkumbuka babu. Mkata mkonge tu, watoto tisa, kajenga vyumba sita na ukumbi katikati. Mimi na digrii yangu nalipa kodi ya miezi sita Chumbageni.

Bi Tausi: Ilikandikwa kwa msaragambo mwanangu, majirani wote wanakuja kusaidia. Boriti za mkoko, udongo unachimbwa hapohapo uani, sisi kazi yetu kupika wali wa nazi. Bati lilikuja baadaye sana. Nyie mnataka vigae siku ya kwanza.

Kijana wa Duga: Shikamoo bibi, ila udongo wa kuchimba bure saa hizi uko wapi? Kiwanja chenyewe mamilioni.

Mkwaju: Wengine walikopa Benki ya Nyumba. Vijana hamtaki madeni.

Kijana wa Duga: Ilikufa 1995 mzee, mi hata sijazaliwa, nikakope kaburini?

Mkwaju: Chunga mdomo.

Mama Cherehani: Ngoja niwape yangu. 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta limewekwa Chongoleani, kila mtu anasema wahi wahi, mume wangu naye wahi. Nikauza cherehani mbili na dhahabu za harusi, tukapata kiwanja cha mita 20 kwa 20, mashahidi wanne, asilimia 10 ya serikali ya mtaa tumetoa, muhuri umegongwa. Miaka mitatu tunatafuta hela ya tofali. Siku tunampeleka fundi na kamba zake tunakuta msingi wa mtu umeshafika kwenye jamvi, sakafu ya zege, na mlinzi anakaanga samaki, mafiga yake ndo mawe yangu ya mpaka, yale niliyoyapaka rangi nyekundu kwa mkono wangu! Anatuuliza mnamtafuta nani. Nikakaa mchangani nikacheka mpaka mume wangu akaogopa. Kumbe tumeuziwa watu watatu. Simu ya muuzaji haipatikani mpaka leo, kesi iko baraza la ardhi.

Kijana wa Duga: Mafiga?? Samahani dada nimecheka. Pole.

Mkwaju: Usitoe hata mia kabla hujapita ofisi ya ardhi ya jiji.

Fundi Jamvi: Ukisubiri ofisi utazeeka. Nunua leo, kesho chimba choo, weka ndugu alale hapo.

Mtoto wa Ngamiani: Au oa mwenye nyumba.

Bi Tausi: Samaki gani hao mwanangu?

Mama Cherehani: Changu. Alinipa kipande nikala huku nalia, ndo changu pekee nilichopata pale.