Game Boy Advance yenye kioo kipya inazimika nikiongeza mwanga: kosa ni la kioo au la umeme?

MkaaziWaTudor

Assalaam alaykum. Ninaomba ushauri wa wale waliokwisha kuzifungua mashine hizi kwa mikono yao wenyewe. Mjomba wangu, ambaye alikuwa baharia, aliniachia Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ya rangi ya zambarau aliyoinunua zilipotoka mwaka 2001, nayo ikakaa kabatini hapa Tudor, Mombasa, zaidi ya miaka 10 huku betri zake zikiwa ndani. Nilipoifungua nilikuta betri moja imevuja na springi imeota ukoko wa kijani. Nikaupangusa kwa kitambaa kikavu, nikatia betri mbili mpya za AA, na ikawaka.

Wanaoijua mashine hii wanafahamu kwamba kioo chake cha asili hakina taa, hivyo mtu hulazimika kukaa barazani jua likiwa kali, la sivyo anacheza kwa kupapasa. Kwa hiyo niliagiza kioo cha kisasa cha IPS, yaani aina yenye taa na rangi safi, pamoja na ganda jipya, na kukifunga hakukunitaabisha, isipokuwa kwamba ilinibidi kutafuta bisibisi ya zile skrubu zenye tundu la umbo la Y. Mwanga ukiwa mdogo, picha inapendeza mno. Nikiupandisha hadi ngazi ya tano, ile taa ndogo ya kijani inageuka nyekundu, picha inatetema, kisha kila kitu kinazimika. Aliyeniuzia anashikilia kwamba kioo ni kizima, na fundi mmoja wa simu aliitazama kwa dakika mbili akaniambia bodi imekufa, niitupe. Nilikuwa na nia pia ya kuitia betri ya lithiamu ili niichaji kwa chaja ya simu. Je, nianzie wapi?

FundiMwembeTayari

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usiitupe, kwa sababu bodi iliyokufa haichezi gemu hata mwanga ukiwa mdogo. Wala usimlaumu aliyekuuzia kioo kabla hujapima.

Kioo cha asili kilikula umeme kidogo sana, ndiyo maana betri mbili ziliweza kudumu kiasi cha saa 15. Kioo cha IPS kina taa nyuma yake, na kila ngazi unayoipandisha huongeza umeme unaovutwa. Umeme huo hutoka kwenye betri, ukapita kwenye vibati na springi, ukaingia kwenye swichi ya kuwashia, ndipo ukafika kwenye bodi yenyewe, na popote penye uchafu au kutu volti hupungua, tena hupungua zaidi kadiri umeme mwingi unavyopita. Ni mambo ya mfereji wa mtaani wenye presha ndogo: akifungua mmoja anajaza ndoo, wakifungua watatu wote wanaambulia matone. Mashine yako ilikuwa na uchafu huo tangu zamani, ila kioo cha zamani hakikuwahi kuvuta umeme wa kutosha kuufichua.

Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti za DC, na pima mashine ikiwa imewashwa, maana ukiipima ikiwa imezimwa hutaona kasoro yoyote. Mkono mweusi uache kwenye hasi ya betri. Mkono mwekundu uguse kwanza chanya ya betri, kisha mguu wa swichi unaotoa umeme, huku ukipandisha mwanga ngazi moja moja. Wiki iliyopita nilipima moja iliyonipa 3.08 kwenye betri na 2.41 baada ya swichi. Swichi ndiyo mwizi wako, nami ninaishuku kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu usafishaji, kitambaa kikavu kiliuhamisha unga tu. Kinachovuja kwenye betri za alkali ni magadi makali, na dawa yake ni siki: chovya pamba ya masikio, gusa ukoko, utauona unatoa povu, na povu likikoma pangusa kwa maji kidogo, halafu kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Swichi idondoshee spiriti hiyo, uisukume kwenda na kurudi mara thelathini hivi, kisha uiache ikauke kabisa. Usidanganywe na mtu ukatia mafuta ya cherehani, kwani yatakusanya vumbi, na kwa hewa yetu hii yenye chumvi utarudi palepale kabla kusi halijaisha. Swichi isipopona, inabadilishwa kwa kulehemu miguu michache tu.

BintiKisauni

Kwa heshima zote, kaka fundi, mimi naona mnajichosha. Ganda analo na kioo anacho. Angeweza kuiondoa bodi hiyo kuukuu na kuweka Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2015 kwa dola 5, akapata gemu za mashine nyingi badala ya moja, na habari za kutu zikaishia hapo.

FundiMwembeTayari

Dada yangu, nimewahi kumtengenezea mteja ya namna hiyo na sikuifurahia. Ukiiwasha unasubiri ipakie programu zake kama kompyuta yoyote, ilhali Game Boy Advance huanza mara unaposukuma swichi. Kaseti ya gemu nayo inabaki pambo, kwa kuwa kompyuta ile haina mahali pa kuisoma pasipo kuongezewa vifaa vingine. Isitoshe, kioo hakiwezi kuhamishwa hivihivi: vioo vya seti hizi vimetengenezwa kupokea picha kutoka kwenye bodi ya asili, yenye nukta 240 kwa 160, na vingi vina nukta 720 kwa 480, yaani mara tatu kamili kila upande, ndiyo maana picha inatoka kali bila kuvurugika. Kama ganda lingekuwa tupu ningekuunga mkono. Hapa kuna bodi nzima.

Nirudi kwa muulizaji kuhusu lithiamu. Betri hiyo ikijaa inafika volti 4.2, na mashine yako iliundwa kwa volti 3 za betri mbili, kwa hiyo usiiunganishe moja kwa moja. Vile vibodi vya bei nafuu vyenye chipu ya TP4056 huchaji tu, havishushi volti. Tena vingi huja na rezista (kipande kinachopanga kasi ya kuchaji) ya kiloomu 1.2, inayoruhusu ampea 1 nzima, kiasi ambacho ni kikubwa kwa betri ndogo yenye uwezo wa mAh 700. Ukiweka ya kiloomu 3 inashuka hadi mA 400. Kama mambo haya ni mageni kwako, nunua bodi iliyotengenezwa mahsusi kwa Game Boy Advance, yenye chaji na kidhibiti cha volti kwa pamoja, na usithubutu kutumia betri ya simu iliyokwisha kuvimba. Lakini yote hayo yangoje swichi ipone.

MkaaziWaTudor

Nimerudi na matokeo. Kwenye betri nilipata 3.12, baada ya swichi 2.36. Nilitumia siki ya jikoni na povu likatoka kweli, kisha nikaisukuma swichi kwa spiriti mpaka kidole kikaniuma. Baada ya kukauka usiku kucha, upande wa pili wa swichi unasoma 3.01 mwanga ukiwa ngazi ya juu kabisa, na taa imebaki kijani. Hata hivyo, nikitia betri za AA za kuchajiwa, taa inageuka nyekundu mapema. Pia kaseti ya mjomba ya gemu la Pokémon Ruby inaonyesha kwamba betri yake ya ndani imekwisha. Je, nikiibadilisha nitapoteza alichokihifadhi?

FundiMwembeTayari

Hongera. Hizo za kuchajiwa zina volti 1.2 kila moja, yaani 2.4 kwa pamoja, na taa inahukumu kwa volti, haijui kwamba chaji bado ipo. Cheza tu na upunguze mwanga ngazi moja.

Ruby ya mwaka 2002 huhifadhi mchezo kwenye memori isiyohitaji betri, na betri ile ni ya saa pekee, hivyo alichokihifadhi mjomba wako kipo salama. Usije ukafanya hivyo kwa kaseti zake za Game Boy ya kwanza, kama anazo, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hushikilia kumbukumbu kwa betri, na ukiing'oa tu, kila kitu kinafutika. Ya Ruby ni aina ya CR1616 yenye vibati vilivyolehemiwa. Saa ikisimama, matunda yaliyopandwa ndani ya gemu hayakui, basi kama mjomba aliacha shamba, niletee kaseti hiyo Jumamosi asubuhi.